Unashusha mahindi kila wiki na bado huwezi kununua tairi: fedha inavujia wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimeendesha malori ya watu miaka 14, na mwaka jana nikachukua mkopo nikanunua semi yangu, kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu. Naendesha mwenyewe. Nashusha mahindi kutoka Songea kwenda Dar, magunia 300 kila safari. Dalali ananipa 9,000 kwa gunia, na humo humo anakata 500 yake. Kupanda kurudi Songea, siku nyingine napata saruji au bati, siku nyingine napanda mtupu. Gari halilali, lakini tairi zimeisha na sina hela ya kununua hata nne. Rejesho la mkopo ni 2,400,000 kwa mwezi. Je, serikali haina bei elekezi ya mizigo? Tukikubaliana wenye magari kwamba hakuna kushuka chini ya 12,000, itasaidia? Kuna mtu ananiita nipeleke mahindi Namanga, mpakani na Kenya, kwa bei nzuri zaidi, niende? Au niuze gari mapema kabla benki haijalichukua?"

Ndugu yangu, pole kwa mzigo huo. Gari linatembea, mahindi yapo, kazi unaijua, na bado mwisho wa mwezi unahesabu sarafu. Umeuliza maswali manne, lakini chini yake naona moja: fedha inavujia wapi? Nitaanza na hilo, kwa sababu likieleweka mengine yanajijibu nusu.

Kwanza tuondoe la bei elekezi. Umezoea kusikia LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, ikitangaza nauli za mabasi, na EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndiyo maana unadhani na mahindi yana bei yake mahali fulani ambayo dalali anakuficha. Haipo. LATRA inakupa leseni ya kubeba mizigo, lakini nauli ya mzigo ni mapatano kati yako na mwenye mzigo. Basi ukimwambia dalali "bei ya serikali ni kiasi fulani", anajua papo hapo kwamba hujui soko, na hapo umeshapoteza nusu ya mazungumzo.

Sasa hiyo 9,000 inatoka wapi? Songea haili mahindi yake yote. Ruvuma inavuna kuanzia Juni, na ziada lazima ishuke. Upande wa pili, Songea haitengenezi bati wala nondo wala sabuni. Vyote hivyo vinapanda kutoka Pwani, na msimu wa kulima ukikaribia vinafuatwa na mbolea. Lori lililopanda na nondo limeshalipwa safari yake. Likifika Songea na kushusha, mwenyewe anachotaka ni kurudi Dar bila kuchoma dizeli ya bure. Kwake mahindi ni nauli ya kurudia nyumbani. Hata ukimpa 8,000 kwa gunia atapakia, kwa sababu kinachozidi juu ya dizeli ya kushuka kwake ni faida.

Mtu huyo ndiye anayepanga bei unayolipwa wewe. Dalali hapangi. Dalali anasimama tu pale stendi ya malori akijua kwamba leo yapo magari manane yanayotaka kushuka na mzigo wa magari matano. Wewe ukiwa umepanda mtupu, unashindana na mwenzako aliyelipwa kupanda, kwa bei moja. Hilo ndilo shimo lako kubwa kuliko yote, na tulipigie hesabu kwa shilingi.

Nachukua kilomita 950 kwenda na 950 kurudi, na dizeli shilingi 3,000 kwa lita ili tusisumbuke na senti. Weka bei ya wiki yako mwenyewe. Ukishuka na tani 30, lita moja inakwenda kama kilomita mbili: lita 475. Ukipanda mtupu, lita moja kwa kilomita tatu: lita 317. Jumla lita 792, yaani shilingi 2,376,000.

Tairi sasa, maana ndizo zilizokufanya uniandikie. Semi yako ina tairi 22 barabarani: mbili za mbele, nane za kichwa nyuma, kumi na mbili za tela. Tuseme moja ni 700,000 na inatembea kilomita 70,000. Seti nzima ni 15,400,000. Gawanya kwa kilomita, unapata shilingi 220 kila kilomita moja. Kila mzunguko wa Songea na Dar unakula tairi za shilingi 418,000. Hakuna anayekudai fedha hiyo siku hiyo, ndiyo maana unadhani hujaitumia. Umeitumia. Imebaki kwenye lami ya mlima Kitonga.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila dereva aliyenunua gari lake analifanya. Unasema "naendesha mwenyewe", ukimaanisha kwamba gharama ya dereva haipo. Ipo, unailipa kwa mwili wako. Ukiugua wiki mbili utamwajiri mtu, na gari lisiloweza kumlipa dereva wake halijilipi. Weka 250,000 ya dereva hata kama dereva ni wewe, na 100,000 ya utingo. Sevisi, oili, breki, bima na leseni, ukizigawa kwa kila mzunguko, weka 300,000. Ukijumlisha yote unafika 3,444,000.

Mapato: magunia 300 mara 9,000 ni 2,700,000. Toa 150,000 ya dalali, inabaki 2,550,000.

Kwa hiyo kila mara ulipopanda mtupu ukashuka na mahindi, ulipoteza 894,000. Mkononi uliona laki na ushee baada ya mafuta, ukasema angalau. Ukweli ni kwamba ulikuwa unauza tairi zako kipande kwa kipande. Ili mzunguko wa namna hiyo urudishe tu gharama bila faida, gunia lingelipwa karibu 12,000. Naona wewe na wenzako mliifikia namba hiyo hiyo kwa uzoefu, na mko sahihi kabisa kuhusu namba. Njia ya kuipata ndiyo nitakayoipinga huko mbele.

Angalia mambo yanavyobadilika ukipanda na mzigo. Tuseme umepata tani 28 za saruji kwa 80,000 kwa tani: 2,240,000. Mlimani na mzigo gari litakunywa zaidi, tuseme kilomita 1.8 kwa lita, kwa hiyo ongeza lita 211, shilingi 633,000. Zimebaki 1,607,000. Zifidie ile hasara ya 894,000, una 713,000 mkononi, na safari hii ni faida kweli, tairi zikiwa zimeshawekewa akiba. Mahindi ni yale yale na dalali ni yule yule kwa 9,000 ile ile. Kilichobadilika ni safari ya kupanda.

Lakini hapa usiondoke mbio, maana kuna siku. Mzunguko wa siku saba unakupa mizunguko minne kwa mwezi, kama 2,850,000, rejesho linalipika. Mzunguko ule ule ukichukua siku kumi na mbili, unapata miwili na nusu, kama 1,780,000, na benki inaanza kupiga simu. Siku hizo tano hazipotei barabarani. Zinapotea umeegesha nje ya ghala ukisubiri kushusha, au Songea ukisubiri magunia ambayo dalali aliapa kwamba yapo tayari kumbe bado yako kijijini. Kwa hiyo unapopatana bei, patana na muda: saa 24 za kushusha ni bure, baada ya hapo kila siku ina malipo yake, na yaandikwe. Wengi wataona aibu kulitaja hilo. Wewe litaje kabla ya kupakia, kwa sababu ukishafika getini na mzigo wa mtu huna tena sauti.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hukukiandika lakini nakiona katikati ya mistari. Umesema "magunia 300". Hukusema tani ngapi. Ndugu yangu, uliwahi kuyapima?

Niliwahi kutunza vitabu vya hesabu vya msafirishaji mmoja, na mara moja nilipanda gari kufuata mzigo. Magunia yalikuwa yale yaliyoshonewa kilemba juu, mdomo umefumwa kwa kamba mpaka gunia limekuwa na kichwa na mabega. Lumbesa. Karatasi ilisema magunia 300, na mimi kwa ujinga wangu nikaandika tani 30. Tulipofika kwenye mzani wa barabarani usiku, gari likakataliwa. Mvua inanyesha, turubai likafunuliwa, tukatafuta makuli saa nane usiku, wakaanza kushusha magunia pembeni ya barabara. Moja likapasuka kwenye kilemba, mahindi yakamwagika kwenye tope, utingo akapiga magoti anayachota kwa mikono miwili huku analia. Asubuhi tukakodi Fuso kubeba yaliyoshushwa. Faida ya safari iliishia pale.

Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepigia kelele lumbesa miaka mingi. Huwa tunaizungumzia kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli, lakini gunia hilo hilo linamdhulumu na msafirishaji anayelipwa kwa gunia. Chukua lumbesa ya kilo 115. Magunia 300 ni tani 34.5. Umebeba tani nne na nusu bila malipo, ambazo kwa shilingi 90 kwa kilo ni 405,000. Linganisha na tairi zinazoliwa kwa mzunguko: 418,000. Karibu seti yako ya tairi yote unamzawadia mwenye mahindi.

Na hapo bado mzani. Chini ya sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia 2019, gari lako la ekseli sita linaruhusiwa tani 50 kwa jumla: 8 ekseli ya usukani, 18 zile mbili za nyuma ya kichwa, 24 zile tatu za tela. Gari likiwa na tani 19 tupu, tani 30 za mahindi zinakuweka 49, salama. Tani 34.5 zinakuweka 53.5. Hapo kuna tozo, na kuna amri ya kupunguza mzigo, na anayebanwa ni msafirishaji wakati mwenye mahindi amelala nyumbani kwake. Tena unaweza kuwa chini ya 50 na bado ukazuiwa, kwa sababu makuli wamerundika nyuma na ekseli za tela zimezidi. Simamia upakiaji mwenyewe, usiende kulala.

Kwa hiyo acha kupatana kwa gunia. Sema: "Mimi ni shilingi kadhaa kwa kilo, tunapima Songea, tunapima Dar." Dalali atakukatalia mara ya kwanza, na huenda ukakosa mzigo mmoja au miwili. Wenye vinu vya unga hawatakukatalia, kwa sababu wao wananunua kwa kilo na wamechoka kuletewa magunia yasiyojulikana uzito. Hao ndio ungewatafuta. Kinu kinachosaga mwaka mzima kinahitaji mahindi Februari kama kinavyoyahitaji Julai, na bei yake inaweza kuwa pungufu kidogo ya ile ya msimu, lakini inakuja kila mwezi na imeandikwa. Kwa mtu mwenye rejesho, ningeichagua hiyo.

Sitaki uondoke na chuki kwa dalali. Ile 500 yake ni halali akikupatia mzigo uliokamilika siku uliyofika. Anakuibia pale tu anapokuambia mzigo upo na haupo. Mwandikie siku ulizosubiri kila safari, na baada ya miezi mitatu utajua yupi wa kuendelea naye.

Kuhusu kukubaliana wenye magari kwamba hakuna kushuka chini ya 12,000: naelewa uchungu uliowafikisha hapo, lakini msifanye hivyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, wakubwa kwa wadogo, na Tume ya Ushindani haitauliza kama mlikuwa na shida. Hata bila sheria isingesimama, kwa sababu yule aliyepanda na nondo hayumo kwenye kikao chenu na 9,000 inamtosha. Mnachoweza kufanya kihalali ni kuunda ushirika au kampuni iliyosajiliwa, magari kumi yakawa msafirishaji mmoja mwenye bei moja, na kuomba kazi ambayo mwenye gari moja haangaliwi: mbolea ya msambazaji mkubwa, saruji ya wakala, mahindi ya kinu. Mnaweza pia kupeana habari za mizigo ya kupanda na kununua tairi kwa pamoja. Kipo pia chama cha wamiliki wa malori wadogo na wa kati, TAMSTOA, waulize wanavyofanya wenzako kabla hamjaanza la kwenu.

Namanga. Bei ni nzuri kwa sababu ndani yake kuna hatari, na aliyekuita anataka uibebe wewe. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na ingawa zuio liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache, malori yalikuwa tayari yamefika mpakani. Mwaka 2023 tena, upande wetu ulipokaza vibali vya kusafirisha nje, magari yalilala njiani na mahindi juu. Sisemi usiende. Nasema usipakie gunia hata moja kabla hujaona kwa macho kibali cha kusafirisha nje na cheti cha afya ya mimea, vyenye jina la mwenye mzigo, na kabla hamjaandikiana malipo ya kila siku ya kusubiri mpakani. Akisema "hayo tutayamaliza hukohuko", muage kwa amani. Na muulize jambo la pili: kutoka Namanga unarudi na nini?

Yapo pia makaa ya mawe ya Ngaka kule Mbinga, najua vijana wengi wameyakimbilia. Uzuri wake ni kwamba yanalipwa kwa tani iliyopimwa, na kazi haifuati msimu wa mvuno. Ubaya ni foleni, vumbi linalomaliza vichujio vya injini, na malipo yanayoweza kuchelewa wakati dizeli unainunua taslimu. Mwenye akiba ya mizunguko miwili anaweza kusubiri malipo. Wewe leo huna akiba hiyo, kwa hiyo ningelisogeza mbele. Badala yake ningeangalia Oktoba hadi Desemba, korosho zinapovuta malori kuelekea Tunduru na Masasi. Magari ya kushusha mahindi yanapopungua Songea, ndipo na wewe unapata nafasi ya kutaja bei.

Jambo dogo la dizeli: bei kikomo ya EWURA inatofautiana kwa mji, na kadiri unavyokwenda mbali na bandari ndivyo inavyopanda. Jaza Dar kiasi cha kukupandisha, na ukiweza, na sehemu ya kukushusha. Tofauti ya shilingi mia kwa lita 475 ni 47,500 kila mzunguko.

La kuuza gari nimeliacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu sitalijibu kutoka huku mbali. Fanya hivi. Kwa mizunguko minne ijayo, usipande mtupu, hata kama unasubiri mzigo siku mbili Dar. Pima kila mzigo. Kila ukilipwa, toa 418,000 ya tairi uiweke kwenye akaunti nyingine kabla hujagusa chochote. Ukiona hata hivyo rejesho halifiki, usingoje tarehe ipite. Nenda benki mwenyewe na daftari lako la safari, uombe muda urefushwe. Afisa mikopo anamsikiliza zaidi aliyekuja na hesabu kabla ya kushindwa kuliko aliyetafutwa kwa simu. Kabla ya kutia saini mkataba wowote wa kinu au wa ushirika, mpe mwanasheria ausome, na kodi zako zipitie ana kwa ana na mhasibu au dawati la TRA lililo karibu nawe. Na kama lita moja haikufikishi hata kilomita mbili ukishuka na mzigo halali, anza na fundi wa nozeli na pampu, kwa sababu hapo ugonjwa uko kwenye injini na hakuna nauli itakayoutibu.

Safari ijayo, kabla makuli hawajaanza, chagua magunia kumi bila kuchagua mazuri, yapandishe kwenye mizani ya ghala mbele ya dalali, uandike kilo zake moja moja. Niandikie namba hizo kumi pamoja na siku ulizotumia kupakia na kushusha, tuendelee kutoka hapo.